Usuluhishi, Upatanishi na Uamuzi: Istilahi za Haki katika Baraza la Kata

Madhumuni ya makala haya ni kueleza maana ya istilahi chache zinazotumika pale watu wa jamii moja wanapokaa kusikiliza ugomvi wa wenzao, na kupendekeza namna ya kuzitumia bila kuzichanganya. Tumelichagua baraza la kata liwe mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, ni chombo kilicho karibu na mwananchi, nacho huongozwa na wakazi wenzake, si na mahakimu waliosomea sheria. Pili, mwaka 2021 kazi ya chombo hicho katika migogoro ya ardhi ilibadilishwa, lakini maneno ya awali yakabaki midomoni mwa watu na katika makaratasi ya ofisi. Jambo likibadilika na jina lake likabaki lile lile, mwenye kuumia ni yule aliyeliamini jina.

Tuseme kuna mjane katika kata ya Tandala, wilayani Makete, mkoani Njombe. Mfano huu tumeutunga, wala haumhusu mtu yeyote tunayemjua. Marehemu mumewe alimwachia shamba la misindano, na miti ilipofikia kuvunwa, shemeji zake wakadai kwamba shamba ni la ukoo. Shauri likapelekwa kwenye baraza la kata, likazungumzwa mara mbili bila ya mwafaka, na mwishowe mama huyo akapewa karatasi yenye maneno haya: "Baraza limeamua kwamba usuluhishi umeshindwa." Akarudi nyumbani akijua kwamba ameshindwa. Shemeji zake nao wakajua kwamba wameshinda, wakawaita wapasua mbao.

Kumbe kwa mujibu wa sheria hapakuwa na mshindi wala mshindwa. Karatasi ile ilikusudiwa kumfungulia mama yule mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini kwa maneno mawili tu, yaani "limeamua" na "umeshindwa," ikamfungia mlango huo. Ni kwa ajili ya makosa ya namna hii kwamba tumeona vema kuandika makala haya.

Baraza lilivyokuwa na lilivyo sasa

Mabaraza ya kata yaliwekwa na Sheria ya Mabaraza ya Kata, Na. 7 ya 1985. Sheria hiyo iliagiza kwamba wajumbe wa baraza wasipungue wanne wala wasizidi wanane, na kwamba wachaguliwe na Kamati ya Maendeleo ya Kata miongoni mwa wakazi wa kata yenyewe. Baadaye Sheria ya Mahakama za Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi, Na. 2 ya 2002, ililipa baraza hilo nafasi katika ngazi za vyombo vya ardhi, ikaongeza sharti kwamba miongoni mwa wajumbe hao watatu wawe wanawake. Baraza likawa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ni kuwasaidia wenye mgogoro wafikie makubaliano kwa amani. Ya pili ilikuwa ni kutoa uamuzi pale makubaliano yasipopatikana, ilimradi thamani ya ardhi inayogombewa isizidi shilingi milioni tatu. Asiyeridhika na uamuzi huo aliweza kukata rufani kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya katika muda wa siku 45.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) ya mwaka 2021 iliiondoa kazi ile ya pili. Tangu hapo baraza la kata halitoi uamuzi katika mgogoro wa ardhi. Hubaki na kazi ya kusuluhisha tu. Baraza la Wilaya nalo halipaswi kusikiliza shauri la ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa maandishi kwamba limejaribu kusuluhisha na mwafaka haukupatikana. Hata hivyo, siku 30 zikipita tangu shauri lifunguliwe bila ya kupata suluhu, anayelalamika anaweza kwenda Baraza la Wilaya hata kama hana hati hiyo.

Kwa hiyo ni wazi kwamba mahali palipokuwa na kazi mbili sasa pana kazi moja. Maneno yaliyofaa kwa ile kazi iliyoondolewa, yaani uamuzi, hukumu na rufani, hayana mahali tena katika karatasi ya baraza la kata inayohusu ardhi.

Jambo jingine lafaa kukumbukwa. Sheria ile ya 2002 haimruhusu wakili kusimama katika baraza la kata kwa niaba ya mteja wake. Baraza laweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani mwa mhusika amsemee, lakini huyo ni mwakilishi, si wakili. Mahali pasipokuwa na wakili wa kufafanua, neno lililoandikwa katika wito na katika hati ndilo linalomwelekeza mwananchi. Likiwa bovu, hakuna mwingine pale wa kumsahihishia.

Suluhisha, patanisha, amua

Maneno haya matatu huchukuliwa na wengi kuwa ni mamoja. Tukiyachunguza tutaona kwamba lugha yenyewe imekwisha kuyatenganisha.

Suluhu ni neno lililotoka katika Kiarabu. Wasikilizaji wa mpira wanalifahamu vizuri: timu zikimaliza mchezo bila ya kufungana husemwa kwamba zimetoka suluhu, yaani hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Maana hiyo yafaa kushikwa. Kusuluhisha ni kuwasaidia wagombanao wafike mahali ambapo kila mmoja anakubali kuacha ugomvi kwa masharti aliyoyaridhia mwenyewe. Msuluhishi hana nguvu ya kulazimisha. Akisema jambo na mmoja akalikataa, jambo hilo halipo.

Patanisha limetokana na pata na patana, na ni neno letu la Kibantu. Angalia tofauti ya matumizi. Tunaweza kusema "kusuluhisha mgogoro" au "kusuluhisha deni," lakini hatusemi "kupatanisha deni." Wanaopatanishwa ni watu. Upatanishi basi hutazama uhusiano uliovunjika, na usuluhishi hutazama jambo linalogombewa. Ndugu wawili wanaweza kusuluhishwa juu ya mpaka wa shamba, kila mmoja akaheshimu alama zilizowekwa, na bado wasisalimiane. Hapo suluhu ipo, mapatano hayapo. Wengine hupatana, wakala pamoja msibani na arusini, na mpaka ukabaki haujulikani ulipo. Huo nao ni ugomvi uliolala tu, wala haujafa.

Amua ni kuingia kati na kumaliza. Mtu akiwatenganisha wanaopigana husemwa ameamua ugomvi. Katika mchezo wa mpira mwamuzi ndiye mwenye filimbi. Akiipuliza, mchezo husimama, hata kama wachezaji wote hawakubaliani naye. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mwamuzi na msuluhishi: mwamuzi hahitaji ridhaa ya wagombanao ili neno lake liwe na nguvu, na msuluhishi hana kitu pasipo ridhaa hiyo.

Tatizo ni kwamba sheria zetu zenyewe hazikulitumia neno usuluhishi kwa maana moja. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, wanandoa wenye ugomvi hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani. Kazi ya baraza hilo ni kurudisha mapenzi na maelewano, ambayo kwa maelezo yetu ya hapo juu ni upatanishi. Katika mashauri ya kazi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Humo mambo yamepangwa vizuri: usuluhishi huja kwanza, na ukikosa kuzaa mwafaka, uamuzi hufuata. Na ipo Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, ambayo huhusu watu waliokubaliana kumpa mtu wa tatu mamlaka ya kutoa neno la mwisho litakalowafunga wote wawili. Huo kwa hakika ni uamuzi.

Neno moja, basi, limebeba mizigo mitatu. Mwananchi wa Tandala aliyewahi kusikia kwamba jirani yake "alifungwa na usuluhishi" katika mkataba wa biashara ataogopa kukataa pendekezo la baraza la kata, akidhani kwamba nalo humfunga vivyo hivyo. Ataridhia asichokitaka, na kuridhia huko kutaandikwa kuwa ni suluhu.

Sisi hatuna mamlaka ya kubadili jina la sheria. Mfasiri anapoitaja sheria hana budi kuliacha jina lake lilivyo. Lakini anapoeleza kinachofanyika ndani ya sheria hiyo, twapendekeza atumie neno linaloeleza kazi yenyewe: usuluhishi kwa makubaliano ya hiari juu ya jambo linalogombewa, upatanishi kwa kurudisha uhusiano, na uamuzi kwa neno la mtu wa tatu linalowafunga wahusika. Neno hukumu na liachiwe mahakama.

Neno "kushindwa"

Kitenzi hiki kina maana mbili katika Kiswahili, nazo zote ni sahihi. Kushindwa ni kuzidiwa na mwenzako; na kushindwa ni kutoweza jambo. Katika mazungumzo ya kila siku msikilizaji huitambua maana iliyokusudiwa kwa jinsi maneno mengine yalivyokaa. Katika hati fupi ya baraza, inayosomwa na mtu mwenye wasiwasi, msaada huo haupo. "Usuluhishi umeshindwa" husomwa "umeshindwa." Ikiandikwa "wahusika wameshindwa kuelewana" hali huwa mbaya vile vile, kwani kila mmoja huitafuta nafsi yake ndani ya neno hilo.

Twapendekeza hati hiyo iandikwe hivi: "Baraza linathibitisha kwamba lilijaribu kuwasuluhisha wahusika na kwamba mwafaka haukupatikana. Baraza halikutoa uamuzi juu ya nani mwenye haki. Mhusika anaweza kupeleka shauri lake katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya." Ni sentensi tatu tu, na hakuna mwenye kuzisoma atakayedhani kwamba amepoteza shamba.

Majina ya wahusika

Katika baadhi ya barua za wito mtu anayeitwa huandikwa "mshtakiwa" au hata "mtuhumiwa." Maneno hayo ni ya makosa ya jinai. Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Mshtakiwa ni yule aliyekwisha kufunguliwa mashtaka. Mtu anayegombea mpaka wa shamba hakutenda kosa lolote, wala hakuna aliyemshtaki. Akiitwa mshtakiwa mbele ya majirani huingia barazani akiwa nusu amekwisha kuhukumiwa, na wajumbe nao humtazama kwa jicho hilo hilo.

Maneno mdai na mdaiwa yanafaa kwa madai mahakamani. Kwa baraza linalosuluhisha twaona bora zaidi ni mlalamikaji na mlalamikiwa, na pale wanapotajwa pamoja, wahusika au pande mbili. Vivyo hivyo barua yenyewe iitwe wito au mwaliko wa usuluhishi, isiitwe hati ya mashtaka.

Maneno ya uadilifu

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa baraza la kata si mahakama, kanuni za haki hazilihusu. Si kweli. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano huzungumzia haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Baraza lisiloamua linaweza kudai kwamba maneno hayo hayaligusi. Lakini suluhu iliyopatikana kwa kusikiliza upande mmoja si suluhu, ni shinikizo. Ndiyo sababu istilahi zifuatazo zinamhusu msuluhishi sawa na zinavyomhusu mwamuzi.

Haki ya kusikilizwa. Haki hii haimaliziki kwa kumpa mtu nafasi ya kusema. Sharti kwanza ajue anacholalamikiwa, apewe muda wa kujiandaa, aelewe yanayosemwa, na anayosema yaeleweke. Tandala ni nchi ya Wakinga, na wapo wazee ambao Kikinga ndicho wanachokisema kwa ufasaha. Mzee akijibu "ndiyo" kwa Kiswahili asichokielewa vizuri, hajasikilizwa. Mkalimani akihitajika atafutwe, wala asiwe ndugu wa upande wa pili.

Upendeleo na mgongano wa maslahi. Maneno haya mawili si mamoja. Upendeleo ni hali ya moyo: mjumbe amekwisha kuelekea upande mmoja. Mgongano wa maslahi ni hali ya mambo: mjumbe ni shemeji wa mlalamikaji, au ananunua mbao zake, au shamba lake limepakana na lile linalogombewa. Mjumbe mwenye mgongano wa maslahi anaweza kuwa mwadilifu kabisa moyoni, lakini wahenga walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, na watu hawawezi kuona ndani ya moyo. Katika kata ambamo watu wameoana na kufanya kazi pamoja kwa vizazi, hali hii hutokea mara kwa mara, wala si aibu. Aibu ni kuificha.

Kujitoa. Hii ndiyo dawa ya mgongano wa maslahi. Mjumbe hutamka mbele ya wote uhusiano wake na shauri, kisha huondoka katika kiti kwa shauri hilo tu. Lisichanganywe na kujiuzulu, ambako ni kuacha ujumbe moja kwa moja.

Akidi. Ni idadi ya wajumbe ambao pasipo wao kikao si halali. Katika usuluhishi wa baraza la kata, sheria ya 2002 ilitaka wajumbe watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Mahakama za juu zimewahi kutengua maamuzi yaliyotolewa na mabaraza ya kata kwa sababu majina ya wajumbe, au kuwapo kwa wajumbe wanawake, hakukuonekana katika kumbukumbu. Katibu asiandike tu "wajumbe walihudhuria." Aandike majina, na kwa kila kikao.

Ridhaa. Ni kukubali kwa hiari na kwa kujua. Mtu aliyenyamaza hakuridhia. Mtu aliyetishwa kutengwa na ukoo naye hakuridhia. Na hata ridhaa ya kweli haiwezi kuhalalisha jambo lililokatazwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hubatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa hiyo mwandishi wa suluhu asiandike kwamba mjane "ameridhia kufuata mila" bila ya kueleza ni mila gani na inamwondolea nini.

Rufani na rufaa

Maneno haya yana asili moja. Katika sheria limeenea rufani, kama katika jina la Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979. Na katika afya limeenea rufaa, kama katika hospitali ya rufaa. Twaona mgawanyo huo unafaa kudumishwa. Lakini la muhimu zaidi ni kujua kwamba rufani hukatwa juu ya uamuzi. Pasipo na uamuzi hapana rufani. Mwananchi akiambiwa "kata rufani wilayani" baada ya usuluhishi usiozaa mwafaka, atahangaika kutafuta nakala ya uamuzi ambao haukuwahi kutolewa. Neno linalofaa ni kufungua shauri.

Orodha ya maneno yanayopendekezwa

Usuluhishi: kuwasaidia wahusika wafikie makubaliano yao wenyewe juu ya jambo linalogombewa.
Suluhu: makubaliano yaliyofikiwa kwa njia hiyo.
Upatanishi: kurudisha uhusiano kati ya watu waliogombana.
Uamuzi: neno la mtu au chombo cha tatu linalowafunga wahusika.
Hukumu: uamuzi wa mahakama.
Mlalamikaji, mlalamikiwa: wahusika wa shauri katika baraza linalosuluhisha.
Hati ya kutopatikana mwafaka: uthibitisho wa baraza la kata kwamba usuluhishi ulijaribiwa bila ya kufanikiwa.
Kujitoa: mjumbe kutoshiriki katika shauri moja kwa sababu ya mgongano wa maslahi.
Akidi: idadi ya wajumbe inayokifanya kikao kiwe halali.
Ridhaa: kukubali kwa hiari na kwa kujua.

Mwisho

Mwaka 2021 huo huo Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wengi wetu tulilifurahia jambo hilo, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini Kiswahili hakimletei mtu haki kwa kuwa ni Kiswahili tu. Mjane tuliyemtaja mwanzoni hakupewa karatasi ya lugha ya kigeni. Alipewa karatasi ya lugha anayoisoma, akaisoma, akaielewa kama ilivyoandikwa, na akapotea.

Twawaomba basi watumishi wa serikali wanaotayarisha fomu za mabaraza wazipitie upya kwa kuzingatia mabadiliko ya 2021. Twawaomba wafasiri wa sheria wasilichukue neno usuluhishi kila mahali bila ya kwanza kuuliza: je, hapa neno la mtu wa tatu linafunga, au halifungi? Nao walimu wa uraia na wa Kiswahili waweza kuwapa wanafunzi zoezi jepesi, la kutafuta tofauti kati ya kutoka suluhu, kupatana na kuamuliwa. Wanafunzi hao ndio watakaoombwa na wazazi wao wawasomee karatasi zitokazo barazani. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza, hasa wale walio makatibu na wajumbe wa mabaraza, watuandikie. Wao ndio wanaoyasikia maneno haya yakitumika, na ndio wanaowaona watu wakiondoka nayo.